Cha Juu cha Masika

Jumatatu, 10 Machi

Daktari amesema niandike presha yangu kila asubuhi, na nikiweza niandike pia siku imekwendaje, maana kwa maelezo yake presha haipandi bure. Nimechukua daftari hili la kampuni ya bima. Leo ni 155/98. Mvua imeanza alfajiri, na kufika saa mbili maji yalikuwa yamejaa mbele ya duka. Nilivuka kwa kukanyaga matofali.

Likipotea, mwenye daftari ni Joyceline, mama yake Allan. Nina miaka hamsini na mmoja na nauza magari mapya kwenye duka la shemeji yangu Steven, hapa hapa Mchafukoge, mitaa miwili kutoka ninapoishi. Huu ni mwaka wa kumi na moja.

Jumanne, 11 Machi

150/96. Mvua. Hakuna mteja.

Alhamisi, 13 Machi

152/97. Pikapu sita zimetoka bandarini. Wateja wamezisubiri tangu mwaka jana, na mimi nimekuwa nikiwaambia "mwezi ujao" mpaka neno lenyewe linanichosha mdomoni.

Nilipofungua mlango wa ile ya kwanza nilisimama tu. Zulia jeupe. Viti vya ngozi nyeupe. Kwenye mlango kuna swichi ya kukipasha kiti joto. Juu, dirisha la kioo linalofunguka kutazama mawingu. Bodi ya nyuma, ambayo ndiyo mtu ananunulia pikapu, ni fupi, na hiyo fupi yenyewe imeliwa na bomba kubwa la urembo linalong'aa. Vitabu vyake vimeandikwa kwa lugha ambayo hapa hakuna anayeisoma. Mtu fulani wa nchi ya baridi aliagiza akazikataa, Steven akazipata kwa bei nafuu.

Nikamuuliza, "Shemeji, nani Dar es Salaam anataka kupashwa joto makalio?"

Hakucheka. "Watanunua. Pikapu mpya mjini hakuna. Meli nyingine ni Agosti."

Kisha akanipa karatasi ya kile anachokiita kifurushi: ngao ya mbele, taa za juu, filamu ya vioo, mazulia ya mpira ya kufunika lile zulia jeupe, na "ulinzi wa rangi". Huo ulinzi ni nta ambayo fundi wetu, Mzee Mwinyimvua, anaipaka kwa kitambaa uani. Kifurushi ni milioni tisa juu ya bei ya gari, na si hiari. Asiyetaka kifurushi hapati gari. Watu wa Kariakoo hawakiiti kifurushi. Wanakiita cha juu, na hawajakosea.

Niandike na hili. Steven ni mdogo wake marehemu mume wangu. Miezi miwili baada ya kumzika Rombo, alinifuata akaniambia, "Shemeji, njoo ukae dukani, usikae nyumbani na mawazo." Nusu ya ada ya Allan chuoni anailipa yeye. Mtu wa namna hiyo humhesabii kila kitu anachokifanya.

Jumamosi, 15 Machi

158/99. Filbert na mkewe Selina wamekuja. Nilikuwa nawaogopa hawa kuliko wote, kwa sababu nawapenda. Ni watu wa Masasi, wanauza viatu vya mitumba soko la Mchikichini, na mara mbili tatu kwa mwaka wanapeleka mzigo kwao kusini. Kwa miaka minane wamenunua pikapu kuukuu tatu na zote zimewafia njiani. Oktoba waliamua, mara hii tununue mpya. Walileta malipo ya awali, nami nikawaandikia profoma, karatasi ya bei, kwa mkono wangu: kebini moja, bodi ndefu, gia za mkono, difu ya mbele ipo ili magurudumu yote manne yasukume, zulia hakuna.

"Shikamoo mama," Selina alisema. Ana miaka thelathini na sita hivi, mwembamba, macho yake yanatangulia kufika popote.

"Marahaba mwanangu. Karibuni."

Walizunguka ile pikapu. Selina akaingiza kichwa ndani, akakitoa.

"Mama, hiki kitu cheupe chini ni cha nini?"

"Zulia."

"Na mimi na belo langu la viatu, na tope, tunaingilia wapi?"

Steven akatoka ofisini na tabasamu lake. Akawaeleza kwamba aina waliyoagiza kiwanda hakitengenezi tena, hizi ni za daraja la juu, bahati yao. Akataja kifurushi. Filbert ni mtu wa polepole. Alisikiliza mpaka mwisho, ndipo akauliza, "Na sisi ambao bei yetu iliandikwa Oktoba?"

"Iliandikwa Oktoba," Steven akasema. "Sasa ni Machi."

Waliondoka bila kununua. Selina aliniaga. Filbert alisahau.

Jumatano, 19 Machi

155/98. Umeme umekatika kutwa. Mkandarasi mmoja amechukua mbili kwa mkupuo, cha juu kalipa bila hata kuuliza. Steven amekipandisha kikawa milioni kumi na mbili.

Jumanne, 25 Machi

160/100. Barabara ya Jangwani imefungwa kwa maji. Wateja wanafika wameloa na hasira zao. Mmoja ameniuliza kama naona haya. Nikamjibu bei inapangwa ofisini. Nimeyasema hayo leo mara nne, kwa watu wanne, kwa sauti ile ile.

Mzee Mwinyimvua amefunga, na bado analalamika kutwa nzima. Bomba la nyuma limefungwa vibaya, dirisha la juu linavuja, hizi si gari za kazi. Ni mtu wa Kilwa, ana zaidi ya miaka sitini, na hajawahi kuridhika na kitu tangu nimfahamu. Nimechoka kumsikia.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Duka limefungwa. 148/94. Nimelala mchana kama mtoto.

Jumatano, 2 Aprili

Steven amekuja na bahasha kutoka kwa watengeneza stika wa Kariakoo. Stika sita kubwa, nyekundu na nyeusi: 4x4. Mzee Mwinyimvua akazibandika ubavuni mwa magari matatu yaliyo ukumbini, mbili mbili. Lile la nne liko bado uani.

Nikauliza kwa nini yanabandikwa huku. Steven akasema zile za kiwandani zilibanduka melini.

Alhamisi, 3 Aprili

162/101. Ninaandika haya mchana, uani, mvua ikiwa imekatika kidogo.

Mzee Mwinyimvua aliniita. "Mama Allan, njoo uone kitu."

"Mzee, nina wageni."

"Wageni hawajafika. Njoo."

Alikuwa ametandika boksi chini ya pikapu. Akaniomba niiname tu, nisilale. Akamulika kwa tochi.

"Gari inayosukuma kwa magurudumu yote manne, hapa inapita shafti ya kwenda mbele. Unaona nini?"

"Sioni kitu."

"Basi. Hakuna kitu. Zile mbili za mkandarasi zilikuwa nayo. Hizi nne hazina. Ni magurudumu mawili ya nyuma peke yake."

Nilinyanyuka taratibu, kichwa kinazunguka. "Na jana umebandika 4x4."

"Nimebandika. Nimeambiwa nibandike."

"Steven anajua?"

Aliniangalia kama mtu anayemwangalia mgonjwa. "Steven ndiye aliyekwenda kununua stika."

Ijumaa, 4 Aprili

165/102. Wakili mmoja kanunua ile ya kwanza yenye stika. Anaishi Masaki, anaitaka kwa kwenda nayo kazini na kanisani. Nikajiambia huyu hatajua maisha yake yote na hatadhurika. Nikasaini makabidhiano.

Jumanne, 8 Aprili

Nilikwenda ofisini kwa Steven nikiwa nimeyapanga maneno. Nilimkuta ameshika kichwa. Mkopo aliochukulia mzigo huu unadaiwa mwezi huu, na benki imeandika barua. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Shemeji, ada ya Allan nimeituma asubuhi. Usiwe na wasiwasi."

Nikasema asante. Nikatoka.

163/100.

Ijumaa, 11 Aprili

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Filbert na Selina walirudi saa nne asubuhi. Wameshindwa kupata pikapu mpya mahali pengine popote, na wenzao walioziona kwingine wametajiwa cha juu kikubwa kuliko chetu. Wanataka kufika nyumbani kwa Pasaka na mzigo. Viatu vya shule vinauzika kusini mwezi huu, na mama yake Selina hawajamwona tangu mwaka jana. Kijiji chao kiko juu ya mlima, upande wa Newala, na njia ya kupandia ni udongo mtupu.

Selina aliomba zulia jeupe litolewe. Steven akasema linatolewa, ila kazi ya kulitoa inalipiwa.

"Tulipie kuwekewa, tulipie na kutolewa?" Selina akauliza.

"Ni kazi ya fundi, dada."

Wakaliacha. Filbert akalizunguka gari lote. Alipofika ubavuni akaisoma stika, akaingia ndani, akakaa kwenye kile kiti cheupe na kuanza kutafuta kwa mkono karibu na gia.

"Mama, hii 4x4 naiingizaje? Sioni kitufe wala kijiti chake."

Steven akajibu akiwa mlangoni kwake. "Za kisasa zinajiingiza zenyewe. Zikihisi tope tu, zinaingia."

Filbert hakumgeukia Steven. Alinigeukia mimi. "Ni kweli mama?"

Mvua ilikuwa inapiga bati la uani. Mzee Mwinyimvua alikuwa amesimama pale na kitambaa chake cha nta, anafuta mahali palipokwisha kufutwa.

Nikasema, "Ndivyo wanavyosema."

Filbert akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kwake hilo lilikuwa jibu. Nikakaa mezani nikaandika karatasi ya mauzo. Steven alinitajia kila mstari, na ulipofika mstari wa magurudumu akataja 4x4, nami nikaandika 4x4, kwa mwandiko wangu mzuri ambao watu wanausifu.

Leo sikupima presha.

Jumatatu, 14 Aprili

Selina amepita asubuhi na mfuko. Viatu vya ngozi, vya kahawia, kisigino kifupi, kama vipya. "Nimekukadiria kwa macho tu, mama. Wewe ndiye uliyetuvumilia." Nilimwambia asingejisumbua. Akasema kesho wanapakia, keshokutwa wanaondoka.

Nilikuwa na nafasi. Tulikuwa wawili tu ukumbini, Steven alikuwa benki. Nilimuuliza barabara za kusini zikoje. Akasema lami ni nzuri mpaka karibu na kwao, kupanda tu ndiko kwenye kazi, lakini mwaka huu hawana wasiwasi.

Nikamwambia, "Msiende mbio."

Ndilo nililoweza kusema. Viatu vimenitosha kabisa. Nimevirudisha kwenye mfuko wake na kuuweka juu ya kabati.

Jumatano, 16 Aprili

Wameondoka. 168/104. Mvua.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Nilikwenda misa ya kwanza. Allan alipiga simu, ana furaha, mitihani imekwenda vizuri. Mvua haijakatika tangu Alhamisi. Redio inasema na kusini pia.

Jumanne, 22 Aprili

Filbert alipiga saa tano. Sauti yake ilikuwa ile ile ya polepole, mpaka nilidhani anauliza habari ya bima.

Ilikuwa Ijumaa Kuu mchana. Walifika chini ya mlima, njia imeloa. Alipanda. Katikati ya mteremko magurudumu ya nyuma yakaanza kuzunguka bure, gari likarudi kinyumenyume na mzigo wake wote, likaingia korongoni kwa ubavu. Yeye aliumia bega. Selina amevunjika paja. Walimbeba kwa kitanda mpaka kwenye lami.

"Pole sana, baba," nikasema. "Pole sana."

"Fundi aliyekuja kulivuta ameangalia chini. Anasema gari hii haina difu ya mbele kabisa, haijawahi kuwa nayo. Nimemwambia haiwezekani. Nimemwambia mimi niliuziwa na mama mtu mzima."

Akaendelea, bila kunilaumu, kama anaielezea nafsi yake. "Miaka yote tukifika pale chini na mvua, tunalala. Siku mbili, tatu, mpaka pakauke. Tuna mpaka mwenyeji wetu pale. Ningelala, mama. Nilipanda kwa sababu ya ile stika."

Simu ikakatika. Ni mtandao, sidhani kama alikata.

Nilimwambia Steven. Aliuliza kama mke wa mteja yuko hai, akashusha pumzi. Kisha akasema, "Alikagua gari mwenyewe na akasaini. Wakikuuliza, mteja aliambiwa kila kitu. Sawa shemeji?"

Nilisema nimesikia.

Jumatano, 23 Aprili

170/106. Dozi imeongezwa.

Ijumaa, 25 Aprili

Steven amezibandua stika kwenye gari lililobaki ukumbini. Kazibandua mwenyewe, kwa kucha. Nilimtazama kupitia kioo. Nimemjua akiwa kijana wa miaka ishirini, anatubebea ndizi stendi. Miaka yote hii nilimwona kama mtu aliyebeba mzigo wetu sote. Leo nimemwona kama mtu anayeogopa, na nikajiuliza hofu hiyo ameishi nayo tangu lini, na mimi nimekula mara ngapi katika hofu hiyo.

Jumatatu, 28 Aprili

Selina amehamishiwa hospitali ya hapa Dar, atawekewa chuma. Nilikwenda mchana, saa ya kuona wagonjwa. Nilikunywa dawa kwanza.

Filbert alikuwa amekaa kwenye stuli, mkono mmoja umefungwa shingoni. Alinipisha nikae, nikakataa. Selina alikuwa amelala ameelekea ukutani.

"Nimekuja kusema jambo," nikasema. "Gari lile halikuwa na difu ya mbele, na dukani tulijua."

Filbert akaniangalia. "Mlijua nani?"

"Steven. Fundi. Na mimi."

Kitanda cha pili kulikuwa na mama mmoja anakula ubwabwa. Aliacha kutafuna.

Selina hakugeuka. Aliuliza ukuta, "Ulijua lini?"

Ningeweza kusema siku yoyote. "Tarehe tatu Aprili."

Nilimwona anahesabu, ingawa sikuuona uso wake. Tarehe tatu, tarehe kumi na moja tuliyokabidhiana gari, tarehe kumi na nne aliyoniletea viatu.

"Nilisimama na wewe pale dukani," akasema. "Tulikuwa wawili."

"Ndiyo."

"Ukaniambia tusiende mbio."

"Ndiyo."

"Toka mama."

Alisema kwa adabu. Filbert alinisindikiza mpaka kwenye ngazi, nadhani kwa mazoea tu ya kumsindikiza mgeni. Pale ngazini akasema, "Hayo uliyoyasema utayaandika?"

"Nitayaandika."

"Na utaweka saini yako?"

"Nitaweka."

Ijumaa, 2 Mei

Niliandika jana kutwa, sikukuu, nyumbani. Kurasa mbili. Kuanzia profoma ya Oktoba mpaka tarehe kumi na nne Aprili. Neno "wanavyosema" nimeliandika kama nilivyolisema.

Asubuhi nilimpelekea Mzee Mwinyimvua uani aisome kabla sijaipeleka popote. Miaka yote nilimchukulia kama mtu wa kulalamika, na sasa naona alikuwa ndiye peke yake kati yetu aliyekuwa anasema kilichopo. Aliisoma taratibu, akirudia mistari.

"Hapa umeandika fundi aliambiwa abandike."

"Ndivyo ulivyoniambia."

"Ni kweli niliambiwa. Lakini mikono ni yangu. Andika nilibandika." Akachukua kalamu, akasaini chini ya jina langu. "Mimi nilibandika, wewe uliandika. Hakuna wa kumcheka mwenzake."

Kisha nikaingia kwa Steven na nakala. Nilitaka aione kwangu kwanza, asiletewe na wakili. Alisoma amesimama. Alipomaliza akakaa.

"Shemeji, unajua hii itafanya nini?"

"Najua."

"Benki wakisikia kuna kesi wanakuja kufunga duka. Nikianguka mimi, Allan anasoma kwa pesa gani? Mama kule Rombo anatibiwa kwa pesa gani?"

"Sijui."

"Mimi nilikuchukua, shemeji. Watu walisema mjane wa kaka atakuwa mzigo, nikasema hapana."

"Nakumbuka. Sijasahau hata siku moja, na ndiyo maana nilinyamaza. Nisingekuwa na deni la fadhila ningesema siku ile ile."

Alikaa anaiangalia karatasi. Nilitegemea atagombeza. Angegombeza ingekuwa nafuu. Aliuliza, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichokitaka, "Yule mwanamke atatembea?"

"Wanasema atatembea."

"Basi kwa hiyo umeamua."

"Nimechelewa kuamua."

Akanirudishia nakala. Aliomba funguo za duka. Nilizitoa kwenye pochi nikaziweka mezani, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na moja nilitoka kwa mlango wa wateja.

Jumatatu, 5 Mei

Sina pa kwenda. 150/95.

Ijumaa, 9 Mei

Mzee Mwinyimvua alipita na habari. Wakili wa Filbert alimwonyesha Steven zile kurasa nilizompa Filbert, na wakili wa Steven mwenyewe akamshauri asifike mahakamani. Atarudisha fedha yote ya gari pamoja na cha juu, na matibabu ya Selina ni juu yake. Na yule wakili wa Masaki naye amepigiwa simu. Zile pikapu mbili zilizobaki zinauzwa kwa hasara, bila kifurushi. Mzee naye amefukuzwa, yuko mtaa wa Gerezani kwenye gereji ya mpwa wake, na kwa mara ya kwanza sikumsikia akilalamika.

Mama mkwe hapokei simu yangu. Nimesikia kuna kikao cha ukoo kimeitwa Rombo.

Nilimweleza Allan yote. Akasema, "Mama, ungeniambia. Ningeahirisha mwaka." Nikasema na sasa huenda ikabidi. Akasema sawa. Hakuna aliyelia.

Jumatatu, 12 Mei

Filbert alipiga kuuliza jina la mtu wa bima. Nikamuuliza meza yao ya Mchikichini inaendaje. Imefungwa tangu Aprili. Bega lake halijakaa sawa, na yuko hospitali kila siku. Viatu vinashika ukungu stoo kwa unyevu.

Nikamwambia, "Mimi nina nafasi, na kuuza najua."

Nikasema sitaki malipo mpaka Selina atakaposimama.

"Njoo Jumatatu ijayo," akasema. "Selina nitamwambia mimi."

Jumatatu, 19 Mei

Nimeuza jozi kumi na tisa. Miguu imevimba. Sokoni hakuna anayejua nilikuwa nakaa kwenye kiyoyozi. Vijana wa meza ya jirani wananiita "bi mkubwa" na kunifundisha kupanga viatu, vya watoto mbele, vya kiume juu. Ukungu unatoka kwa kitambaa chenye maji na siki.

Ijumaa, 23 Mei

146/92. Mvua ya asubuhi tu.

Alhamisi, 29 Mei

Selina amekuja leo.

Sikumwona anashuka kwenye bajaji. Nilikuwa na mteja, mama mmoja aliyeshika jozi ya kijana wake, anauliza mwisho wake ni ngapi. Nikamtajia. Akauliza kwa nini ni rahisi hivyo. Nikamgeuzia kiatu cha kushoto. "Soli imebanduka hapa ndani. Nimeigundisha jana. Itashika, lakini si kama mpya." Aliigusa, akafikiri, akakirudisha mezani akaenda zake.

"Umemfukuza mteja."

Alikuwa amesimama pembeni mwa meza, magongo mawili kwapani, kanga imefungwa juu ya bandeji. Amekonda. Nilisimama, nikavuta belo mahali pa kukaa. Hakukaa.

"Filbert aliniambia amemweka shangazi wa jirani," akasema.

"Alitakiwa akwambie."

"Alidanganya."

"Ndiyo. Alidanganya."

Aliitazama meza kwa muda mrefu, kuanzia viatu vya watoto mpaka vile vya juu vilivyoning'inia. Alinyoosha mkono akabadilisha jozi mbili nafasi. Vijana wa jirani wakajishughulisha na viatu vyao, sijui walijua nini.

"Nina chuma humu ndani," akasema. "Kirefu hivi. Daktari anasema nitatembea, ila belo sibebi tena."

"Nimesikia."

"Sijakusamehe, mama."

"Najua."

"Na usiwe unaniomba msamaha kila siku. Nitachoka."

"Sitaomba."

Mvua ikaanza hapo hapo, kubwa, bila kutoa taarifa. Turubai la juu ya meza likajaa maji katikati na kuanza kuning'inia juu ya viatu vya watoto. Mimi peke yangu nilikuwa nalisukuma kwa fagio na maji yanarudi. Selina akaegemeza gongo moja kwenye nguzo, akasimama kwa mguu mmoja, akaishika pembe yake kwa mkono wa kushoto.

"Vuta upande wako," akasema. "Hapana, chini zaidi. Mimi nashika huku."

Nikavuta. Maji yakamwagika yote kwa nyuma, kwenye mfereji, hata jozi moja haikuloa. Alikuwa anahema. Ndipo akakaa juu ya belo, akaunyoosha mguu wenye chuma mbele yake na kuufunika kanga.

Tulikaa hivyo mpaka mvua ikapungua, yeye akipanga kamba za viatu na mimi nikifuta. Bajaji yake ilipokuja alikataa nimshike mkono. Akapanda mwenyewe, kwa shida, na alipokwisha kukaa akatoa kichwa nje.

"Kesho fika saa moja," akasema. "Ijumaa tunafungua mabelo mapema."